Fundi Kufuli Apanda Basi

Kwenye kiti cha mbele yangu alikaa mzee mwenye ovaroli iliyoandikwa mgongoni: FUNDI KUFULI, MLANGO WOWOTE DAKIKA TANO. Mama aliyekaa naye alikuwa ameshayasoma maandishi hayo.

"Mbona leo basi, baba? Gari huna?"

"Ninalo, la zamani. Ukibonyeza kile kidude cha mlangoni ukaubamiza mlango, limejifunga. Ufunguo umebaki ndani."

"Si ulifungue? Wewe si ndiye fundi?"

"Vifaa vyangu vyote vimo kwenye buti."

Mama akajiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Mimi nikageukia dirishani, maana kumcheka mtu mzima si adabu.

"Kipande cha waya kingetosha," mzee alijitetea, "ila gari liko mbele ya duka langu, na wateja wawili wamekaa pale wananisubiri. Wakiniona nahangaika na waya kwenye gari langu mwenyewe, nani ataniamini tena? Nimewaaga kwamba kuna mteja kakwama. Nafuata ufunguo wa akiba nyumbani."

"Mteja kakwama kweli," mama alisema. "Na ufunguo wa nyumba unao?"

Mzee akapapasa mfuko wa kulia, akapapasa wa kushoto, akarudia wa kulia.

"Mama watoto atakuwepo," alisema. "Labda."

Basi likasimama kituoni kwake. Hakuinuka.

"Samahani, mama," alinong'ona. "Huko unakoshukia wewe, kuna fundi kufuli mwingine asiyenijua?"