Bwana Choo-Vipi Anatuacha

Tarehe thelathini mwezi huu muuguzi wetu wa chumba cha dripu anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja. Wakubwa wameniomba mimi, mfagiaji waliyeshindwa kumstaafisha, niandike maneno matamu. Matamu yako kwenye keki. Mimi naandika ya kweli.

Humu anaitwa Bwana Choo-Vipi. Wenzake huuliza habari za asubuhi. Yeye huuliza umeenda choo mara ngapi, tena kwa sauti ya mnadani. Siku ya ukaguzi alimuuliza mwenyekiti wa bodi mbele ya wageni. Mwenyekiti akajibu: "Mara mbili." Ni jibu fupi kuliko yote aliyowahi kutupa.

Nilimcheka mpaka yakanikuta. Nilipovua meno ya bandia, daktari wa meno aliona doa jeusi kwenye kaakaa. Mwaka mzima nilidhani ni chai! Kumbe saratani, nayo ilikwishafika mapafuni. Madaktari wakanieleza saa nzima habari za dawa mbili zinazotolewa pamoja. Nikatoka nimeshika maneno mawili tu. Choo-Vipi akanieleza kwa pumzi moja: bibi, dawa hizi zinaamsha askari wa mwili wako waipige saratani, lakini wakikosa adabu watapiga na utumbo, kwa hiyo ukiharisha niambie siku hiyohiyo.

Niliharisha. Nikanyamaza. Mwanamke mwenye wajukuu atangaze tumbo lake kwa mwanamume? Nikawa naingia chooni na ufagio, kana kwamba nasafisha. Yeye akahesabu. Choo kimoja, akasema, hakisuguliwi mara saba kabla ya chai. Akanigombeza wodi nzima ikisikia, akanikokota kwa daktari, dripu ikasimamishwa, nikapewa dawa za kutuliza utumbo. Ningeficha siku mbili zaidi, daktari alisema, utumbo ungetoboka. Aibu yangu ilitaka kuniua kabla ya saratani, mjinga mimi.

Leo doa limenywea, mapafu yanapumua, na nyinyi bado mnatupa pamba sakafuni.

Wakubwa wamemnunulia saa ya ukutani, mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Hongereni. Na wewe binti unayeshika nafasi yake, mwenye sauti ya asali, acha kutuuliza tunajisikiaje. Tutakudanganya sote kwamba hatujambo. Uliza choo!

Asante, Choo-Vipi, mdogo wangu. Tunakutakia usingizi mrefu, miguu isiyovimba, na choo chema, mara moja kwa siku. Ikizidi, njoo uniambie mimi.