Breki Mpya za Mzee Kipngeno

Kijiwe chetu hapa Kaptembwo ni benchi moja mbele ya gereji, pamoja na kahawa ya Tabby. Asubuhi hiyo tulikuwa watatu: mimi, Kamande tunayemwita Waziri, na Joash Spana. Ndani, Mzee Kipngeno alikuwa akifungiwa masta silinda mpya ya breki kwa Peugeot 404 yake, pikap ya tangu ujana. Ile ya zamani ilisukuma breki za magurudumu yote kwa njia moja. Ikivuja mahali, umekwisha. Hii mpya inagawa: mbele kivyake, nyuma kivyake.

— Anauza hiyo gari, akasema Waziri.

— Wapi! Bibi yake alikufa mwaka jana. Huyu amepata mwingine huko Kihoto, akasema Spana.

— Ziwa likifurika huko Kihoto atahitaji mashua, si breki, akajibu Waziri.

— Basi ni rali. Mzee anaingia rali! akasema Spana.

Tukacheka mpaka Kipngeno akatoka, akipangusa grisi mikononi. Tangu amzike mkewe Jepkemei kule Kabazi, hakuwa amekaa na sisi. Tabby akampa kikombe.

— Imeshika, mzee? nikamuuliza.

— Imeshika. Ukikanyaga tu, inasimama.

Akaangalia kahawa yake bila kuinywa.

— Siku moja breki zilikufa tukishuka Subukia. Tukaingia kwa shamba ya mahindi, ndiyo ikatuokoa. Jepkemei akashuka, akasema hapandi tena mpaka nibadilishe hiyo masta. Tangu hapo akawa anaenda kanisa na matatu. Mimi namfuata nyuma na gari tupu. Kila mwaka nasema, nitatengeneza.

Cate, mgeni aliyekuwa akingoja boda yake izibwe pancha, akatabasamu.

— Si sasa uende umwambie ziko sawa?

Waziri, ambaye hakosi neno, akaangalia viatu vyake. Tabby akageuka akaanza kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Kipngeno hakukasirika.

— Ndiyo naenda, akasema polepole. Nimekawia tu.

Akafungua mlango wa abiria, akakung'uta kiti kwa kiganja, akaufunga taratibu. Kisha akazunguka upande wake, akawasha gari. Kwa kila tuta alipunguza mwendo mapema sana, kama mtu aliyebeba mwingine mwoga, mpaka akapinda kuelekea barabara kubwa ya kwenda Kabazi.