Jina la Filamu Nililojipa

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama wenzangu, na ninyi mliotoka Nemba asubuhi hii na vumbi lote lile, nawasalimu. Mwenyekiti amesema nije mbele, lakini naomba mniruhusu nibaki hapa karibu na mlango. Ni mazoea ya ule ugonjwa. Nilizoea kukaa mahali ambapo naweza kutoka bila kupita mbele ya watu.

Wengi mnanijua kama yule mama wa mihogo ya kukaanga, pale Lusahunga malori yanapopumzika. Karai langu lilikuwa jirani na mlango wa banda la video. Ndugu anayetafsiri filamu humo ndani alikuwa na ubao wa kuandika filamu ya siku. Mwandiko anao, ila kuchekesha hajui. Kuchekesha nilijua mimi. Siku moja akaandika ile ya jenerali anayelipiza kisasi, nikamwambia futa jenerali, weka jirani. Ikawa "Kisasi cha Jirani". Nikampa na hadithi yake: mbuzi wa watu amekula maharage, mwenye shamba anaapa hatanyoa ndevu mpaka mbuzi aombe msamaha. Madereva walicheka mpaka wakanunua mihogo ambayo hawakuitaka.

Basi ikawa ndiyo kazi yetu. Filamu ya watu wanaokwenda mwezini ikawa "Safari ya Kwenda Nemba", chombo kinaishiwa mafuta njiani, abiria wanaambiwa washuke wasukume. Msinune, wa Nemba. Ile ya joka la pangoni ikawa "Joka la Chooni", kijiji kizima kimebanwa na hakuna anayethubutu kuingia. Watu walikuja kusoma ubao hata wasipoingia ndani kutazama.

Kisha nikapata uchungu wa mtoto wangu wa kwanza. Ndugu zangu, hapa nitakwenda haraka. Nilichelewa kufika hospitali. Mtoto hakuishi. Na mimi nikatoka pale mkojo unatoka wenyewe, nikiwa nimesimama, nimekaa, nimelala. Inaitwa fistula. Wakati ule sikujua jina lake, nilijua tu kwamba nanuka.

Mume wangu alihamishia mkeka wake sebuleni. Sikumwuliza kwa nini. Mihogo nilikaanga siku chache tu, nikaacha, maana nani atakula chakula cha mtu wa namna ile? Kanisani nikaacha. Wageni wakija, nasema nimelala. Muuguzi wa zahanati alinieleza vizuri kabisa kwamba jambo hili linashonwa na linapona, niende hospitali kubwa. Nikamwitikia ndiyo, nikarudi nyumbani, nikakaa.

Nilikaa kwa nini? Kwa sababu gari linapakia abiria pale pale, mbele ya ule ubao. Kuna filamu ya bwawa linalopasuka na kufunika mji, mnaijua. Mimi nilishaibadilisha kichwani mwangu. Niliiita "Bwawa la Mama Mihogo". Nikaipa na hadithi: mama anapanda gari, abiria wanapanda juu ya siti, kondakta anaogelea kudai nauli. Sikumsikia mtu hata mmoja akinicheka. Nilijiandikia mwenyewe, na niliiandika vizuri, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi niliyoijua.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Bugarama kwa msiba wa mtoto, akabaki. Yeye ndiye aliyefua vitambaa vyangu. Mnajua kwetu mkwe na mke wa mwanawe walivyo. Mimi ndiye niliyepaswa kumfulia yeye. Nilikuwa navificha chini ya kitanda, naye anapiga magoti na kuvivuta, anaweka kwenye beseni, anateremka nalo bondeni. Namwona akipita na beseni lile, natamani ardhi inimeze.

Asubuhi moja alirudi, akaanika, akaja kukaa karibu yangu. Akaniuliza kwa nini siendi kutibiwa. Nikamwambia, "Mama, watanipa jina la filamu."

"Firamu ni nini?"

Hakuwahi kuingia kwenye banda la video maishani mwake. Nikamweleza kwamba ni hadithi ambayo watu wanaigiza, halafu inapewa jina, linaandikwa ubaoni. Nikamsimulia na ya kwangu, yote, mpaka kondakta anayeogelea. Nilidhani atanigombeza. Hakucheka, wala hakunigombeza. Akauliza kama na yeye yumo humo ndani. Nikasema, Mama, wewe umo, unafua. Akatazama vile vitambaa kwenye kamba, mikono yake imekauka kwa sabuni.

"Basi andika hivi," akasema. "Mama Mkwe Amechoka Kufua."

Ndugu zangu, nawaambia, nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu tuzike. Nikacheka, mkojo ukanimwagikia pale pale kwenye kigoda, na sikuacha kucheka. Akanisubiri mpaka nikamaliza.

"Nimechoka kweli, mwana wanje," akasema. "Kesho tunapanda gari."

Mwana wanje, kwao ndiyo kusema mwanangu. Hakuwahi kuniita hivyo.

Tulikwenda, nimekalia nailoni. Abiria mmoja alifungua dirisha, nami nikatazama chini njia nzima. Nikapasuliwa, nikakaa na mpira wa mkojo siku walizosema, nikarudi mkavu.

Nilipokwenda kuwasha jiko langu tena, nikamuuliza yule ndugu wa banda la video kama walijua. Akasema walijua, harufu iliwafikia kabla sijaacha kuja. Nikamwuliza kuhusu ubao. Akanishangaa. "Dada, mtu kafiwa na mtoto, tuandike nini?"

Hapo nilipata aibu kuliko siku zote za mkojo. Maana najijua. Angekuwa mama mwingine, mimi ningempa jina, na watu wangecheka.

Namshukuru yule ndugu. Namshukuru muuguzi, na madaktari walionishona. Mume wangu amerudisha mkeka chumbani, hatujalizungumza bado, lakini namshukuru. Na mama yangu yule pale nyuma, anayejifanya hasikii Kiswahili, sijui nimshukuru kwa maneno gani.

Ninalowaachia ni hili. Tuangalie tunayemcheka, na zaidi tumwangalie aliyeacha kuja. Kama nyumbani kwenu yuko mmoja ambaye leo amesema kichwa kinamuuma, na hukaa karibu na mlango, mwambieni nakuja kesho. Asinifichie nguo. Nitafua mimi.