Taa ya Gunnvor Imelala

Baada ya miaka thelathini na minne kwenye meza ile ile chini ya dirisha la mashariki, Gunnvor Hjelmeset anastaafu tarehe 18 Desemba. Tulimwomba atupe mambo mawili matatu kwa ajili ya jarida hili la karakana. Akasema hana la kusimulia, kisha akasimulia mpaka kahawa ikapoa. Basi naandika mimi, Solfrid wa kitengo cha kusuka mota, jirani yake wa siku nyingi.

Alikuja kwetu akitokea kiwanda cha samaki pale gatini, bado akinuka chewa, kama anavyokiri mwenyewe. Akapewa kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kupima vidhibiti volti, vile visanduku vidogo vinavyoiambia jenereta iongeze nguvu au ipunguze. Jenereta yenyewe inabaki melini. Sanduku linaletwa mezani, linaunganishwa na umeme unaopandishwa taratibu kwa kuzungusha nobu, na mahali pa koili za jenereta inafungwa balbu. Volti zikiwa chini, balbu inawaka kwa nguvu, maana sanduku linadai zaidi. Zikifika panapotakiwa, sanduku linaridhika na balbu inafifia mpaka kuzima. Kwa hiyo kwa Gunnvor giza ndilo habari njema. Yeye hasemi imezima. Anasema imelala.

Neno hilo limetuingia sote. Asubuhi hapa hatuulizani hali, tunaulizana, "Imelala?" Ukijibu kwamba bado inapepesa, unaletewa kahawa bila maswali.

Ana namna yake ya kupima. Anazungusha nobu polepole, macho nusu yamefumbwa, kiganja cha kushoto karibu na kioo cha balbu, akiota joto lake. Theluji inaanguka dirishani, redio inaimba kwa chini, na wewe uliyesimama karibu unasahau ulichokuja kuuliza. Nahodha mmoja wa boti ya uvuvi aliwahi kuingia akinyata, akaninong'oneza kwamba asingependa kumwamsha bibi. Gunnvor akamjibu bila kugeuka, "Ongea tu, nahodha. Inayolala hapa ni taa, siyo mimi." Nahodha yule sasa kila Krismasi humletea samaki mkavu, na kila mara huingia akinyata kwa makusudi.

Wiki iliyopita, hata hivyo, hakuna aliyetania. Siku hizi visanduku vingi vinatupwa na kununuliwa vipya, na mkuu wetu, Eivind, alitaka nafasi ya meza ile kwa ajili ya rafu. Ndipo kikaja kidhibiti cha feri *Havterna*, cha zamani sana, ambacho hakina mbadala dukani. Gunnvor alikifanyia ukarabati mwenyewe. Eivind, ambaye si mtu mbaya, akatoa neno lake kikaoni: "Hiki kikipona, meza inabaki. Kisipopona, tarehe 18 inaondoka na Gunnvor."

Tulisimama nyuma yake. Akapandisha volti, balbu ikawaka. Zikafika panapotakiwa, zikapita kidogo. Balbu haikulala. Ilikonyeza na kukonyeza, kama mtu mwenye siri. Akarudi chini, akapanda tena, ikawa vile vile. Niliona shingo yake ikiwa nyekundu, na nikaumia, maana nilijua halilii kisanduku. Analilia meza.

"Basi, Gunnvor," Eivind akasema kwa upole. "Umejitahidi sana."

Gunnvor alisogeza kiganja kwenye kioo cha balbu, kama siku zote, akakiacha pale kwa muda. Kisha akakishika kioo chenyewe.

"Mbona ni baridi? Nani kaniwekea hii?"

Eivind akawa mwekundu kumshinda. Katika kupamba karakana kwa sherehe ya kumuaga, alikuwa amebadilisha balbu zote kwa za LED ili tubane umeme, na hata ile ya kupimia mezani hakuiruka. "Nilidhani utafurahi," akasema. "Inaangaza vizuri zaidi!"

"Ee, inaangaza. Lakini haili umeme! Sanduku linahitaji mlaji, Eivind, wewe umeniwekea mtu anayefunga."

Tulicheka mpaka machozi. Lakini balbu za zamani haziuzwi tena, na zile alizotoa Eivind zilishakwenda na gari la taka. Tukabaki tunatazamana, mpaka nikaiona nyota ya karatasi ya Majilio kwenye dirisha la kantini, ikiwaka rangi ya asali kwa balbu ya zamani ambayo Eivind alikuwa ameisahau. Eivind mwenyewe alipanda kiti kuitoa balbu yake.

Gunnvor aliifunga mezani, kisha akanisukumia nobu. "Zungusha wewe. Mimi nitaota moto."

Nikazungusha. Balbu ikawaka, ikashika, ikawa nzito ya manjano. Nilipokaribia panapotakiwa ilianza kufifia kutoka pembeni, taratibu, uzi ukabaki mwekundu, kisha ukawa si kitu. Gunnvor akaondoa kiganja, akafuta macho kwa mkono wa ovaroli.

*Havterna* imerudi kazini. Kutoka mezani naiona ikivuka, taa zake zimetulia kabisa. Naiona kutoka mezani kwa sababu meza ipo, na anayekaa hapo sasa, akijifunza kazi ya Gunnvor, ni mimi.

Gunnvor, asante kwa subira yako na kwa kutufundisha kupenda giza. Tunakuombea asubuhi zisizo na saa ya kuamsha, na samaki mkavu wa kutosha. Ukipita kantini siku ya sherehe utaikuta nyota yetu haina mwanga, na mwaka huu tumekataa kuitafutia balbu nyingine. Usiulize kwa nini haiwaki.

Imelala, Gunnvor. Nenda nyumbani.