Sentimita Sita za Siwema

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi, Mkuu wa Shule Mwalimu Editha, walimu wenzangu, wazazi mliotoka Kidete, Malolo na hapa mjini, na ninyi wanafunzi wangu: wakubwa wangu shikamooni, wengine habari za mchana.

Mshereheshaji amenipa dakika kumi na kiti. Dakika nazipokea, kiti akirudishe, maana tangu alfajiri sijaweza kukaa. Mwalimu Editha amenisifu kwa miaka thelathini na moja ya kufundisha kemia, akasoma na ripoti ya mkaguzi iliyosema majibu ya maabara yangu hayapishani. Mmepiga makofi. Mimi nilitamani kutoka nje. Ripoti hiyo inanikosesha raha, na nisipoieleza leo nitastaafu nayo.

Wazazi, kuna jaribio tunalofanya kidato cha tano. Tunachanganya maji yenye chumvi ya chuma na chumvi nyingine, yanageuka mekundu. Mchanganyiko ule haumalizi kazi: sehemu inaungana, sehemu inaachana, hadi mwendo wa pande zote mbili unakuwa sawa. Ukitaka kujua wekundu uliomo ni kiasi gani, unaweka testi tyubu yake kando ya nyingine ambayo kiasi chake unakijua, chini karatasi nyeupe, unatazama kwa juu. Ile unayoijua unaipunguza taratibu hadi rangi zifanane, kisha unapima kimo kilichobaki. Hakuna mashine. Ni jicho lako na uaminifu wako.

Miaka tisa iliyopita, siku ya jaribio hilo, maji safi ya maabara yaliisha. Nikasema, "Chukueni ya pipa, maji ni maji." Pipa lile la chuma mnalijua, lipo nyuma ya maabara, linakinga maji ya bati. Wanafunzi thelathini na wanane wakapima. Thelathini na saba wakaandika sentimita nne. Kwa nini nne? Kwa sababu kidato cha tano cha mwaka uliotangulia kilipata nne, na madaftari ya kaka na dada zao walikuwa nayo, nami nilijua. Siwema wa Malolo peke yake akaandika sita.

Nikamwita mbele. "Tazama tena." Akatazama. "Samahani Mwalimu, naona sita." Nikamwambia, "Wenzako wote wameona nne, hayo macho yako umeyatoa wapi?" Darasa likacheka, nami nikacheka. Nikampa sifuri, na sifuri ile ikamtoa kwenye masomo ya sayansi. Alitaka kuwa mfamasia. Baba yake alikuja kunisihi, amevaa kanzu yake ya Ijumaa, nikamjibu kwamba sayansi haitaki ubishi. Hivi kweli, mbishi pale alikuwa nani?

Juma lililofuata nilikwenda peke yangu kwenye pipa. Nikachota maji matupu, nikatia asidi kidogo, nikadondoshea ile chumvi ya pili. Yakawa mekundu. Kutu! Chuma cha pipa kilikuwa kimeingia kwenye tyubu ya kila mwanafunzi, na rangi ilikolea kwa wote. Aliyeandika alichokiona alikuwa mmoja. Nikayamwaga yale maji, nikaosha tyubu, nikanyamaza. Mwezi uleule mkaguzi alikuja akasifu majibu yaliyofanana. Nilikula naye wali, nikamshukuru.

Mwalimu Yared, ninayemwachia maabara, aliniambia jana, "Kaka, hayo yameshapita." Yamepita kwa nani? Siwema yule pale, mstari wa nne. Anapalilia mashamba ya mbegu Kilangali, na leo amekuja kuniaga kana kwamba nilimtendea wema.

Siwema, mwanangu, nisamehe. Nilijua nimekosea, nikaogopa kuaibika mbele ya watoto. Barua hii ni ya kwenda chuo cha mafundi sanifu wa maabara, nikiwaomba wakupokee. Imeeleza yote, na jina langu sikulificha. Mwalimu Editha, nakuomba mhuri wako, leo, kabla ya chakula. Kuipokea au kuiacha, Siwema, ni juu yako, na hakuna atakayekulaumu.

Lakini njoo kwanza. Pita tu, watakupisha. Tyubu hii nimeichanganya asubuhi kwa maji ya pipa lilelile. Hii ya kulinganishia nimeiacha kwenye nne. Karatasi hii hapa. Tazama kwa juu. Zinafanana?

Amesema hapana. Basi iongeze kutoka kwenye hii chupa, polepole, mwenye haraka ni mimi. Tazama tena. Umeridhika? Haya, rula hii. Sema kwa sauti, wa nyuma nao wasikie.

Sita.

Yared, andika sita kwenye daftari la maabara. Mwalimu Editha, mhuri tafadhali, naona barua ameshaishika.

Nanyi nyote mliovumilia jua hili mkanisikiliza mimi kwa dakika kumi, nawashukuru sana. Yeye alikuwa na neno moja tu la kuniambia, nami nimechukua miaka tisa kulisikia.