Siafu wa Kituo cha Saba

Kwanza naomba radhi. Wasifu huu ulitakiwa uwe mezani kwa mhariri wa jarida letu wiki mbili zilizopita. Mtoto anaota meno, halali wala halazi. Lakini kusema kweli, hata angelala, mkono ulikuwa mzito. Yale niliyokuwa nimeandika mwanzo niliyachana yote baada ya Jumanne ile.

Mwenzetu anastaafu tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya kazi katika msitu huu wa umma. Aliingia akiwa kibarua wa kufyeka njia, akawa mlinzi wa lango, kisha mwongoza wageni, na kwa miaka kumi na miwili sasa ndiye mkuu wa waongozaji. Sote tunamwita Mzee Siafu, na jina hilo nitalieleza.

Kazi aliijua. Alimtambua ndege kwa mlio huku ameinama anafunga kamba za viatu. Watoto sitini wa shule walimfuata kimya kama wameahidiwa pipi. Mgeni akiuliza kama kuna simba, jibu lilikuwa tayari: "Walikuwepo, mama, wakashindwa na kiingilio." Nami nilipoanza kazi kwenye kibanda cha tiketi na mwanangu wa miezi mitatu, ni yeye aliyeleta boksi, akalitandika kanga, akatangaza: "Mfanyakazi mpya ni huyu. Wewe ni msaidizi wake."

Sasa hao siafu. Kila aliyefundishwa naye anajua: ukifika kituo cha saba, penye kibao cha njano, hukati moja kwa moja. Unawazungusha wageni kwa kushoto, hatua tisini, unasema, "Tupite huku jamani, pale kuna siafu." Tumesema hivyo sote. Mimi, ambaye siku za wageni wengi huongoza pia, nimemwambia hivyo hata mkaguzi. Ripoti ya kila mwezi ina mstari wake kabisa: siafu, kituo cha saba, bado wapo. Miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuumwa, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Mwezi uliopita ofisi ikaamua kunyoosha njia ipite pale pale katikati. Jumanne akaletwa mpuliza dawa, nami nikatumwa kumwonyesha mahali. Akazunguka na pampu yake mgongoni, akarudi anacheka. "Siafu gani hao? Mbona sijaona hata sisimizi!"

Mzee Siafu alikuwa na darasa la wanafunzi. Akavua kofia mbele yao, akasema siafu hawakuwahi kuwepo. Pale, akasema, ni nyumbani kwao.

Karatasi ya maelezo tunayoikariri sote inasema msitu huu haujawahi kukaliwa na mtu. Akatuingiza ndani, nyuma ya kibao cha njano. Alitembea kama mtu aliye kwake na taa imezimika: hapa mlango, hapa kitanda cha mama, hapa mafiga. Akafukua majani kwa mguu, na mafiga yakatoka, yote matatu. Alikuwa na miaka sita walipopewa siku tatu kuhama ili eneo lipandwe miti. Ile mistari ya miti iliyonyooka, ambayo mimi nimewaambia wageni ni maajabu ya asili, ilipandwa kwa mikono ya vibarua, na mmoja wao alikuwa mjomba wake. Nyuma ya mafiga kuna makaburi manne. La babu yake, la bibi yake, la baba yake, na moja fupi kuliko mpini wa jembe, la mdogo wake wa kike.

Nilikaa chini. Nimepita hapo mara ngapi, mwanangu mgongoni, nikiwachekesha watu kwa habari za siafu!

Mwanafunzi mmoja akamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo.

"Ningesema, mjukuu wangu, ningefukuzwa," akajibu. "Na ningefukuzwa, nani angewazungusha watu?"

Wenzangu, mpaka leo sijatulia. Siandiki kumwaibisha mtu. Wengi wetu, meneja pamoja, hatukuwa tumezaliwa. Ila trekta la njia mpya linaingia tarehe mosi, siku moja tu baada ya yeye kuondoka. Likipita, limepita juu ya watu.

Mzee wetu, asante kwa kutufundisha kazi, na kwa kulibeba jambo hili peke yako ukitufanya tucheke. Nenda ukapumzike, ulale mpaka jua likuchoke. Kuzungusha watu, tutazungusha sisi.

Meneja amekubali kutusikiliza Alhamisi saa nne asubuhi, na amesema anataka vielelezo, si machozi. Vinavyokosekana ni hivi, na vinifikie kibandani kabla ya Jumatano jioni: sahihi tano za waongozaji wa zamu ya mchana, maana za asubuhi ninazo, ramani ya kabla ya miti kupandwa, iliyomo kwenye kabati la chuma ambalo ufunguo wake anao mhasibu, barua ya dada mkubwa wa Mzee, ndiye anayekumbuka majina yote, na vibao vya mbao vya kuandikia majina hayo. Seremala ameshaniletea vitatu. Bado kimoja, kifupi.