Watoto Wasiorefuka

Kijiwe chenyewe ni benchi moja tu, mbele ya kibanda cha fundi cherehani wanayemwita Sentimita. Asubuhi hiyo fundi alikuwa akishona, lakini roho haikutulia. Surua ilikuwa imeingia mtaani. Wauguzi walikuwa wakichanja watoto pale shuleni, na siku ya mwisho ndiyo hiyo, lakini yeye alimwambia bintiye asimpeleke mjukuu mpaka kijiwe kiamue. Kijiwe, jamani! Watu ambao hata kikombe kipi ni cha nani hawajawahi kukubaliana.

Wembe, kinyozi, ndiye aliyefungua kikao. Alisema ana habari za uhakika: mtoto akichanjwa harefuki tena, anabaki hapohapo.

— Uko nyuma, ndugu yangu, — akadakia Betri, fundi redio. — Wanapungua. Kuna mmoja shati lake la juzi leo linaburuzika chini.

— Lisemwalo lipo, na kama halipo, linatumwa kwa simu, — akasema Wembe, akipuliza kahawa yake.

Mama Kahawa akatua birika. Yeye alikuwa na kubwa zaidi: mtoto wa darasa la nne amerudi mgongoni kwa mamaye, tena ananyonya.

Mshono wa fundi ukaenda kombo. Aliogopa, tena aliogopa kwelikweli. Alimwona mjukuu wake akipungua, akipungua, mpaka anaenea kwenye mfuko wa shati.

Mara bintiye akatokea, mtoto mgongoni, akawaamkia wote kwa heshima. Alipokwisha kusimuliwa, hakubishana. Alimuuliza tu Mama Kahawa kasikia kwa nani.

— Kwa Betri, mwanangu. Betri hana uongo.

Betri akasema ameambiwa na Wembe, akinyolewa. Wembe naye akajikuna kichwa, akasema yake ameitoa kwa mtu anayepima watoto mwaka nenda mwaka rudi, hawezi kukosea. Akanyoosha kidole kwa Sentimita.

Fundi akaduwaa. Kisha ikamjia. Siku ile, kwenye kiti cha kinyozi, alikuwa akilalamika kwamba mwaka huu watu hawaleti watoto kupimwa sare mpya. Akatania, "Au ndizo hizi chanjo, hawarefuki?" Aliuliza tu, jamani, na mtaa ukamletea jibu.

Mama Kahawa alicheka mpaka akashika nguzo. Betri kahawa ikampalia. Binti hakucheka.

— Sasa baba, wewe uliambiwa na nani?

Fundi alitazama cherehani, akatazama benchi, hakupata wa kumsingizia. Akavua tepu shingoni, akanyoosha mikono.

— Nipe mjukuu wangu. Nitambeba mwenyewe.

Wakashika njia ya shule, fundi mbele, mtoto akimvuta masikio na kucheka. Hawajafika mbali wakasikia vishindo nyuma yao. Alikuwa Wembe, kikombe cha kahawa bado mkononi, akikimbilia nyumbani kuwachukua mapacha wake.